Nyumba ya Oli na Vilivyomo

Koboko, 9 Februari 2023

Siraji mwanangu,

Assalaam aleikum, wewe na Shamirah wako. Sisi huku tunashukuru. Mzee Ramathan anakusalimu, yaani amefumba jicho moja, maana siku hizi salamu yake ndiyo hiyo. Mkono wa kulia bado umelala. Juzi nilipomwambia leo tunapika angara, wale samaki wakavu anaowapenda, niliona kidole gumba cha mguu kimecheza, lakini Hasifa, mke wa shemeji Jada, akasema ni nzi alitua. Huyo naye! Tangu tuje hapa kwao ili mzee auguzwe karibu na ndugu yake, mimi nikiona heri yeye anaona nzi.

Najua unacheka. Unatengeneza simu za mji mzima wa Arua, na shangazi yako anakuandikia kwa kalamu. Cheka tu. Masikio yangu hayataki simu tena. Nasikia shhh kama mtu anakaanga vitunguu, basi. Obeti wa teksi amekubali kubeba barua zetu kwa heshima ya mzee. Angalia tu asizikalie.

Sasa niambie habari ya nyumba. Usiniambie "iko sawa". Hilo ni jibu la mtu ambaye hajaangalia. Huyo Bi Betty wa shirika la misaada anaishije mle ndani? Mtu mzima anatoka Kampala na sanduku moja la nguo, anataka nyumba iliyojaa: kitanda, makochi, friji, sufuria, hata kijiko cha chai akikute kimeshalala kwenye droo. Haya, tumempa. Lakini siku ile nilipompitisha chumba kwa chumba, mwenyekiti wa LC, wa baraza la mtaa, anatufuata nyuma, nami nasema hiki kitanda ni cha mzee, haya makochi ni ya mzee, kabati hili la vioo ni la mzee, nilijiona kama ninavuliwa nguo sokoni. Mzee mwenyewe alikuwa pale kwenye kiti chake, hawezi hata kujifuta mate. Ningesema nini kingine mbele yake?

Mwaka wa Betty unaisha mwisho wa Juni. Kufikia hapo mzee atakuwa amesimama, inshallah, na tutarudi kwetu. Kwa hiyo mwambie: sufuria ya moto isiwekwe juu ya meza. Godoro ligeuzwe. Makawa niliyosuka mwenyewe yakae ukutani yalipo, si ya kufunikia ugali wa mtu. Chumba cha nyuma nilikupa wewe na mkeo ili niwe na macho pale. Basi angalia.

Shangazi yako,
Hajara

*

Oli, Arua, 3 Machi 2023

Shangazi yangu kipenzi,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua imefika, na Obeti aliikalia kweli, ina joto la kiti mpaka sasa. Sisi tu wazima, ila vumbi. Mto umebaki kauzi tu, na huko Aroi watu wanachoma majani mpaka jua linatoka jekundu kama lina homa. Shamirah ana habari njema, tumbo limekubali! Daktari anasema mwezi wa tisa. Mama yake huko Yumbe ameshaanza kutuletea majina kama mtu anayegawa peremende. Mwambie mzee nina mjukuu wake njiani. Na habari ya kidole, mimi nakuamini wewe, si Hasifa.

Nyumba, sitasema iko sawa, nisije nikapigwa kwa barua. Bi Betty ni mtu mzuri sana. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Anasalimia. Jumapili anapika wali na anamtumia Shamirah sahani. Kabati amelisogeza kidogo kuelekea barazani kwa sababu alitaka nafasi ya meza ya kompyuta. Makawa ameyashusha, anasema yanashika vumbi na yeye ana mafua, lakini nimeyachukua mimi mwenyewe nikayaweka mahali pazuri. Kitanda anakisifu mno. Anasema tangu aanze kazi ya kuhamahama hajawahi kulala usingizi kama ule.

Usiwe na wasiwasi, Shangazi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Miezi hii itapita kama upepo, na mtarudi mkute kila kitu kinawangoja.

Mwanao,
Siraji

*

Koboko, 28 Machi 2023

Siraji,

Ramadhani karim. Tumefunga, mzee hafungi, anatuangalia tu wakati wa futari kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Nampa uji kwa kijiko. Nusu unaingia.

Kabati limesogea "kidogo kuelekea barazani". Kabati halina miguu ya kwenda matembezi, Siraji. Na baraza ni nje! Kabati la vioo, la mvule, linapigwa na mvua ya masika, na wewe unaniletea methali. Mwenyeji gani amepona hapa? Mwenyeji analala kwenye mkeka miguuni pa mgonjwa, katika nyumba ya watu, anaomba ruhusa ya kuchemsha maji. Lirudishe ndani leo. Ukishindwa, mwite Susana jirani yetu, yule mama ana mikono ya mwanamume na hana aibu ya kusema.

Na usiniandikie tena jinsi huyo mwanamke anavyolala.

Hajara

*

Koboko, 25 Mei 2023

Mwanangu Siraji,

Nakusalimu kwa salamu ya mfiwa. Shamirah anaendeleaje? Asibebe maji.

Barua yangu ya Machi hukuijibu. Mazikoni nilikuona kwa mbali, umeshika jeneza la mzee upande wa mbele, na nilifurahi kwamba ni wewe. Kisha nikaambiwa umeondoka na gari la jioni. Nimejisemea kazi, kibanda cha simu hakijilindi.

Sasa niko eda. Nimekaa chumba cha pembeni hapa kwa Jada, na pazia la shuka mlangoni. Nilitaka kukaa eda yangu Oli, katika nyumba niliyoishi na mume wangu, niangalie ukuta alioupaka rangi mwenyewe vibaya. Sheikh akasema hapana, mjane hukaa pale mauti yalipomkuta. Miezi minne na siku kumi nisitoke. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna sherehe, hakuna safari. Sikubishana. Sheria ni sheria, na mimi si mtoto.

Ila sikiliza. Nilimtunza mtu yule usiku na mchana, na sasa mikono yangu inaamka alfajiri inatafuta wa kumgeuza. Naikalia ili itulie. Kitu kimoja tu kinanishikilia, Siraji, nikuambie wazi: eda itaisha, nitarudi nyumbani kwangu Oli, nitalala kitandani kwangu, nitafungua dirisha nimwite Susana tunywe chai. Hilo tu. Sina ombi lingine duniani.

Kwa hiyo Juni ikiisha, Betty atafute nyumba nyingine. Mji umejaa nyumba za kupangisha na vitu vyake, huko kilimani Arua Hill kuna hata zenye bustani. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Mimi siwezi kutoka. Mikono yangu na miguu yangu sasa ni wewe.

Shangazi yako,
Hajara

*

Oli, Arua, 19 Juni 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Nakupa pole tena, na tena. Mzee alikuwa baba kwangu tangu baba yangu Fadhul aende. Nilipoweka jeneza chini nililia, ndiyo maana niliondoka mapema, watu wasinione.

Shamirah anakusalimu. Anakula udongo kwa siri na anakataa. Mvua imekuja vizuri, mto umejaa, watoto wanaoga kote darajani. Biashara ni hivyohivyo, watu wanavunja vioo vya simu kila siku na kila siku wanasema nitakulipa kesho.

Bi Betty nimemwambia. Amesikia. Anasema atazungumza na ofisi yake, kwa sababu mkataba si wake, ni wa shirika. Ni mtu mwelewa.

Halafu, shemeji yako Mzee Jada alipita hapa wiki iliyopita. Alikuja kutusalimu tu. Alikuwa na wazee wawili. Walinywa chai, wakatembea kidogo uani, wakaondoka. Alimpenda sana Shamirah, alimwombea dua.

Kabati sasa haliko tena barazani. Hilo usijali.

Mwanao,
Siraji

*

Koboko, 4 Julai 2023

Siraji,

Eid mubarak iliyopita. Huku walichinja, Hasifa aliniletea maini nyuma ya pazia, akakaa nami tukala pamoja. Si mtu mbaya yule. Ni mdomo tu.

Sasa niambie. Kutoka Koboko mpaka Oli, mtu na wazee wawili, wanakwenda "kusalimu tu"? Jada anajua kutembea uani kwangu kutafuta nini? Mimi hakuniambia kitu. Anapita mbele ya pazia anakohoa, anasema "Mama, habari ya huko", basi. Hasifa ndiye aliyenidokeza: kuna kikao cha mirathi, na kitakaliwa hapo Oli, sebuleni kwangu. Mimi sitakuwepo, niko eda.

Mungu hakunipa mtoto. Kwa hiyo najua sheria inavyosema: mimi robo, Jada ndugu yake yaliyobaki. Nyumba ilikuwa ya mzee, kiwanja alipewa na baba yake, mzee wa jeshi. Sikatai. Wanipe robo yangu, ingawa sijui robo ya nyumba ni nini. Jiko na nusu ya korido?

Lakini vilivyomo ni vyangu. Vyote. Kwetu mume huleta nyumba, mke huleta vya ndani, hata mtoto mdogo wa Kinubi anajua. Na vile sikuletewa na mtu. Nilikwenda Ariwara, Congo, kila siku ya soko, nikarudi na vitenge kichwani, nikauza hapo kando ya barabara mpaka utosi ukawa mgumu. Kitanda hicho wewe na Obeti mlikibeba kutoka kwa fundi, mkakikwamisha mlangoni, mkanifanya nicheke mpaka nikakaa chini. Umesahau? Makochi uliyaona yakiteremshwa. Friji ulilipiga teke likawaka.

Nilisema ni vya mzee kwa sababu alikuwa amekaa pale, mgonjwa, mwanamume aliyekuwa na sauti ya kuamrisha kikosi. Mke anasemaje "kitanda changu" mbele ya mwenyekiti na mpangaji, mume wake anasikia? Nilimsitiri. Mwanamke yeyote wa kwetu angesema vilevile.

Nenda kwenye kikao. Kaa. Wakiuliza vitu ni vya nani, sema: ni vya shangazi yangu, nilivibeba kwa mikono yangu. Maneno hayo tu. Robo ya nyumba na kitanda changu ndani yake, hapo naweza kurudi.

Hajara

*

Oli, Arua, 31 Julai 2023

Shangazi yangu,

Natumaini afya ni njema na masikio yanapata nafuu. Shamirah amevimba miguu lakini anacheka. Mahindi yameanza kuingia sokoni. Obeti alipata ajali ndogo, aligonga mbuzi, mbuzi ni mzima na teksi ndiyo iliyoumia. Ndiyo maana barua yako ilikaa kwake muda.

Kikao kilikaa. Walikuwepo Mzee Jada, wale wazee wawili, sheikh, mwenyekiti wa LC, na Bi Betty kwa sababu ni nyumba anayoishi. Alitupa soda. Mambo yalikwenda kwa utulivu, kwa dua mwanzo na mwisho.

Nyumba haitagawanywa kwa sasa. Utapata robo yako kidogokidogo kutoka kwenye kodi. Kuhusu vitu, mwenyekiti alisema yeye mwenyewe alimsikia mama kwa masikio yake akisema ni vya mzee. Bi Betty akasema ndiyo, na mimi nilisikia hivyo. Akaongeza kwa upole kwamba yeye alipanga nyumba pamoja na vitu, vikitolewa atakuwa amepanga kuta tu. Sheikh akauliza kama kuna mwenye ushahidi mwingine. Watu walinyamaza. Basi vikahesabiwa pamoja na mali ya marehemu.

Ilikuwa vigumu, Shangazi. Wazee walikuwa wengi na mimi ni mdogo. Tumwachie Mungu.

Jino la Shamirah linamsumbua. Mama Susana alituletea mchicha.

Mwanao,
Siraji

*

Koboko, 12 Agosti 2023

Siraji,

Salamu kwa Shamirah. Asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu.

"Watu walinyamaza." Watu gani?

Susana alikuja kunihani. Mkristo, mama wa Kilugbara, amepanda gari na goti lake bovu kuja kukaa na mjane wa Kiislamu nyuma ya pazia. Alileta simsim na akalia kuliko mimi. Kisha akanieleza. Kumbe alikuwa amesimama dirishani kwangu siku ile, anasikiliza bila haya, Mungu ambariki. Alipiga kelele kutoka nje: "Hapana! Hii vitu yote iko ya Hajara! Mimi nilikuwa iko hapa, niliona!" Wakamwambia mama, hili ni jambo la ukoo, wewe si wa ukoo. Halafu sheikh akamgeukia mtu wa ukoo. Akamtaja kwa jina. Akamwuliza, Siraji, wewe umeishi hapa, unasemaje?

Susana anasema uliangalia kapeti. Kapeti nililolinunua mimi.

Na kabati, anasema liko kwa Jada hapa Koboko. Nimechungulia kwenye pazia. Ni kweli. Liko sebuleni, limejaa sahani za Hasifa. Nimekaa nalo nyumba moja siku zote hizi na sikujua.

Sikuulizi kwa nini ulinyamaza. Kile chumba cha nyuma sasa ni cha Jada, na yeye ndiye anayeweza kukutoa. Ungefungua mdomo, Shamirah angejifungulia wapi? Nimelifikiria kwa niaba yako, nimelipima, na nimeona ni zito. Lakini moyo wangu umevunjika, Siraji, na sitauambia kwamba haukuvunjika. Nilikulea tangu unanyoa ndevu za uongo kwa wembe wa baba yako.

Sasa nakuuliza jambo moja, unijibu hilo tu. Eda inaisha katikati ya Septemba. Jada ni shemeji, si maharimu wangu. Eda ikiisha siwezi kuendelea kukaa chini ya dari yake kama mtu asiye na mahali, watu watasema na watakuwa na haki. Kwa baba yangu hakuna nyumba tena. Nitakwenda wapi?

Ukitaka kunijibu kwa mdomo, njoo. Mtoto wa kaka hazuiwi na pazia la eda. Sijakuona tangu mazikoni.

Hajara

*

Oli, Arua, 9 Septemba 2023

Shangazi yangu mpenzi sana,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua imeharibu kibanda, simu za watu zimelowa, nimekuwa nikizianika kwenye mchele. Furaha iko pia: Shamirah amejifungua salama, mtoto wa kike, mkubwa, ana sauti kama ya mzee Ramathan akiita kikosi. Tumefurahi mno. Mama yake Shamirah amekuja kutoka Yumbe kukaa nasi, atakaa mpaka mtoto aanze kutambaa au hata zaidi, hatujui. Tumempa kitanda, sisi tunalala chini na mtoto katikati. Chumba kimejaa lakini ni baraka.

Nimelifikiria swali lako usiku na mchana. Nimekutafutia chumba hapahapa Oli, ng'ambo ya barabara karibu na kwa fundi baiskeli. Ni chumba chenye vitu vyote ndani! Kitanda, meza, kiti, ndoo, hata pazia lenye maua. Mwenye nyumba ni mama anayeitwa Santina, mumewe alifariki na watoto wamekwenda Juba, sasa anapangisha kila chumba kama kilivyo. Nilikiona. Kwenye kitanda kuna hata mto, na kanga imekunjwa juu yake. Unaingia na nguo zako tu. Ila mama Santina anasema akija mtu wa shirika atampa yule kwanza, kwa hiyo tusichelewe.

Kuna jambo jingine, na naliandika kwa sababu nakupenda. Nimesikia Mzee Jada anataka kukusemesha habari ya ndoa eda ikiisha. Kama anakuambia utarudi Oli, usiamini. Amemwekea Bi Betty saini, yeye na shirika lake, miaka miwili mingine, nyumba pamoja na vitu. Niliona karatasi ikisainiwa. Usikubali, Shangazi. Fikiria kwanza.

Mtoto bado hana jina. Tulikuwa tunafikiria lako.

Mwanao,
Siraji

*

Koboko, 24 Septemba 2023

Siraji mwanangu,

Assalaam aleikum. Mungu amkuze mtoto. Msimpe jina langu. Mpeni la mama yake Shamirah, maana ndiye mliyempa kitanda.

Eda imeisha. Hasifa alinichemshia maji, akanipaka mafuta mgongoni, akanivalisha nguo ya rangi. Wanawake wa jirani walikuja na mikate ya gurusa na chai, tukacheka kidogo. Kisha walipoondoka Hasifa akabaki. Akaniambia yeye mwenyewe, si kwa kutumwa: mume wangu anataka kukusitiri, na mimi sina neno, ningependa tu uwe unanisaidia magoti yakiuma. Alikuwa analia. Mwanamke anayemposea mumewe mke, naye analia. Nikamshika mkono.

Habari ya miaka miwili ninaijua. Jada aliniambia mwenyewe, mchana kweupe, hakuficha. Akasema Oli ni ya mpangaji, mimi nitakaa hapahapa, chumba cha nyuma ya jiko la Hasifa. Jada si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningepata nguvu ya kukasirika.

Chumba cha mama Santina asante, lakini sikitaki. Mimi nimepangisha nyumba na vitu ndani, najua ile kanga iliyokunjwa juu ya mto ni nini. Ni mtu ambaye hajamaliza kuondoka. Siwezi kulala juu ya kitanda cha mwanamke mwenzangu, yeye akiwa ng'ambo ya ukuta anasikia kinavyolia.

Nikuambie ukweli, kwa sababu sitaandika tena baada ya hii. Katika barua zako zote nilikuwa natafuta sentensi moja. Nilisoma habari ya vumbi, ya mbuzi, ya mchicha, ya mchele wa kuanikia simu, nikafika mwisho, nikageuza karatasi nyuma nione kama umeiandika huko. "Shangazi, njoo kwetu." Ningekataa, Siraji! Wallahi ningekataa, chumba ni kidogo, ningekuambia acha upuuzi. Nilitaka tu niikatae.

Nimemkubali Jada. Sitafuti nyumba tena. Nataka mahali ambapo hakuna atakayeniuliza naondoka lini. Kitanda changu wamlaze Betty mpaka achoke.

Sasa jambo lenyewe. Baba yangu hayupo, kaka yangu Fadhul hayupo. Walii wangu wa kuniozesha aliyebaki duniani ni wewe. Bila wewe ndoa haifungwi, sheikh amesema. Njoo Ijumaa hii, mapema, kabla ya sala. Vaa kanzu safi. Obeti atakuwekea kiti cha mbele, nimeshamwambia.

Usiogope wazee. Watakuweka katikati, Jada atakupa mkono, sheikh atakuuliza na wote watakugeukia wewe. Ni maneno machache, atakutamkia kwanza, wewe unarudia tu. Nitakuwa chumba cha pili, mlango wazi, na masikio yangu unayajua, kwa hiyo sema kwa sauti. Wasikie wote. Usinyamaze.

Shangazi yako,
Hajara